Fundi Milimita na Nati ya Kushoto

Hakuna aliyekufa katika habari hii. Nakuambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe sipendi mtu anayenisimulia jambo huku ananipandisha presha.

Mume wangu ana ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Picha ukutani, meza, kola ya shati la mtu asiyemjua kwenye foleni ya benki, vyote atavinyoosha. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu nilimkuta chumbani amepiga magoti na rula ya chuma, anapima umbali wa kitanda kutoka ukutani, kwanza kichwani, halafu miguuni. Nilidhani nimeolewa na mwendawazimu. Baadaye nikaona kwamba wazimu huo ndio unaotuweka mjini, nikanyamaza. Yaani nilinyamaza kwa kiwango changu.

Kazi yake ni kunyoosha magurudumu ya magari, ile ambayo wenyewe wanaiita alaimenti, na watu wamempachika jina la Fundi Milimita. Ng'ambo ya barabara kuna karakana yenye mashine ya kompyuta: taa zinamulika magurudumu na skrini inatoa majibu. Yeye ana uzi. Uzi wenyewe anauchukua kwangu, maana mimi ni mshonaji na duka langu na karakana yake vinatumia ukuta mmoja. Anavuta nyuzi mbili juu ya stendi nne, mmoja ubavu wa kulia wa gari na mwingine ubavu wa kushoto, halafu anapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayomwambia gurudumu linatazama wapi. Wale wa kompyuta wanamcheka mchana kutwa, na magari yao wenyewe wanamletea yeye. Hilo nalisema kwa maringo na wala sioni haya.

Kitu kingine anachochukua kwangu, tena bila kuomba, ni rangi ya kucha.

Nieleze kidogo. Gurudumu la mbele linaelekezwa na fimbo ya chuma inayotoka kwenye mtambo wa usukani. Mwisho wa fimbo hiyo una mikato kama ya skrubu. Ukiizungusha inarefuka au inafupika, na gurudumu linageukia ndani au nje. Ukishapata kipimo unachotaka, unakaza nati inayoibana fimbo isizunguke tena. Nati hiyo ikibaki imelegea, fimbo itajizungusha yenyewe kidogo kidogo barabarani, na ikifika siku ya kuchomoka, gurudumu litakwenda linakotaka lenyewe.

Kwa hiyo Fundi Milimita ana sheria. Akikaza nati, hapo hapo anaipaka tone la rangi nyekundu kabla hajagusa kitu kingine. Hasubiri amalize zote. Kaza, paka. Kaza, paka. Nati yenye rangi imekazwa, isiyo na rangi haijakazwa, na hakuna mjadala. Miaka ishirini na miwili hakuna gari lililowahi kurudi kwake na malalamiko. Miaka hiyo hiyo ishirini na miwili sijawahi kumaliza chupa ya rangi ya kucha kwa vidole vyangu mwenyewe.

Sasa nimlete Mama Mkasi. Huyu ni mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na ndiye aliyemzalisha binti yetu wa kwanza chumbani kwetu, kwa sababu mtoto alikuwa na haraka kuliko gari la kukodi. Alimaliza kazi yake vizuri, akanawa, akaaga. Baada ya saa mbili tukamwona anarudi anahema, jasho linamtiririka, anasema amesahau mkasi. Mimi nilikuwa sebuleni nanyweshwa uji. Aliingia chumbani alikolala mtoto, akafunga mlango, akakawia kidogo, akatoka na mkasi wake mkononi. Mume wangu, aliyekuwa amelewa furaha ya kuitwa baba, akasema mkunga anayesahau mkasi ni sawa na fundi anayesahau spana. Tangu siku hiyo akawa Mama Mkasi. Jina likasambaa mpaka kliniki, mpaka kwa wanawe mwenyewe. Mimi nimeisimulia hadithi ile kila penye wageni, naigiza hadi jinsi alivyokuwa anahema.

Alipostaafu, Mama Mkasi alinunua gari la michezo. Ndiyo, la michezo: viti viwili, usukani upande wa kushoto, rangi ya kijani, paa la turubai, limeinama hadi ukishuka inabidi ujinyanyue kwa mikono miwili. Si jipya, lakini lina boneti ndefu na mlio wa kujisikia. Wanawe walimweka kikao wakamuuliza kama akili zimemtosha. Aliwajibu kwamba amekwenda kuzalisha watu miaka thelathini na minane kwa baiskeli na nyuma ya malori, na sasa anataka kukaa karibu na lami asikie injini. Kichekesho ni kwamba analiendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba trei ya mayai.

Usukani wa gari hilo ulianza kucheza. Ukiugeuza kidogo, gari linafikiri kwanza ndipo linageuka. Mume wangu akabadilisha mtambo mzima wa usukani na viungo vya fimbo zote mbili, kazi ya siku nne. Siku ya tano ikawa ya alaimenti, kwa sababu ukigusa vitu hivyo vipimo vyote vya zamani vimekufa. Na siku hiyo hiyo Mama Mkasi alikuwa na safari ya kwenda kwa dada yake, upande wa pili wa mlima, kwa ile barabara ya kona inayoteremka na korongo pembeni.

Saa nne asubuhi mume wangu alichungulia dukani kwangu.

“Mke wangu, njoo ukae kwenye gari.”

“Nina gauni la mtu hapa.”

“Dakika kumi tu. Gari lenyewe jepesi, dereva akikaa linalalia upande wake na vipimo vinabadilika. Nahitaji mtu mwenye uzito wa Mama Mkasi.”

“Na katika mtaa mzima ukaniona mimi.”

“Nimekadiria kwa macho,” akasema, na uso wake haukuwa na hatia yoyote.

Nilikwenda, lakini nilikwenda nimevimba. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, miguu mbele kama nimelazwa, nimekatazwa hata kupiga chafya. Yeye akapima, akazungusha fimbo, akalisukuma gari mbele na nyuma nikiwa ndani, akapima tena. Alipopata milimita zake akaniambia niendelee kutulia, akalala chini upande wa kulia. Nikasikia spana inalia. Akatoka, akapaka, akaja upande wa kushoto, akaweka kitambaa chake chini karibu na mlango wangu, akaingia tena chini ya gari.

Juu ya kitambaa kile kulikuwa na chupa yangu. Rangi ya damu ya mzee, mpya, niliyoinunua kwa ajili ya sherehe ya kuhitimu ya mpwa wangu, niliyoitafuta siku mbili mpaka nikamsingizia jirani moyoni. Nilifungua mlango, nikainyakua, na sikuinyakua kimyakimya.

“Kumbe mwizi ninalala naye!”

“Tone moja tu, mama watoto.”

“Tone? Chupa imefika nusu! Unapaka nati au unapaka nyumba?”

Akatoka chini kujitetea. Nikamkumbusha ile ya waridi, na ile niliyoletewa zawadi, na suala la kukadiriwa uzito kwa macho nalo likaingia humo humo. Tukiwa katikati ya moto, Mama Mkasi akafika na begi lake la safari, mapema kuliko tulivyotarajia. Akasimama mlangoni akicheka hadi akashika ukuta. Mume wangu akaona haya, akafuta mikono, akakunja nyuzi, akalipeleka gari hadi mwisho wa barabara na kurudi. Usukani ulikaa katikati kabisa. Akamkabidhi ufunguo, akamwonya asizidi kilomita hamsini kwa saa kwa kuwa viungo ni vipya. Onyo la bure kwa dereva yule. Saa tano na nusu aliondoka, mkono juu, anatupungia.

Mimi nikarudi dukani na chupa yangu. Kwa hasira nikapaka kucha zote kumi.

Saa sita na nusu mume wangu aliingia na chakula chetu cha mchana, akakaa kwenye stuli ya wateja. Akaniangalia mikono. Nilijua anatafuta njia ya kuomba radhi.

“Zimependeza,” akasema.

Halafu kijiko kikasimama njiani. Akabaki anatazama kucha zangu.

“Uliichukua saa ngapi?”

“Nini?”

“Chupa. Ulipoichukua, nilikuwa nimekaza ya kushoto au bado?”

“Nitajuaje mimi? Ulikuwa chini ya gari.”

“Ulisikia spana?”

Nikafikiri. Nilisikia spana upande wa kulia, hilo nina hakika. Upande wa kushoto nilisikia sauti yangu mwenyewe tu.

Tulimpigia simu Mama Mkasi mara sita. Huwa anaizima akiwa kwenye usukani, na siku zote nimemsifu kwa hilo. Siku ile nilitamani angekuwa mama mzembe wa kupokea simu akiendesha. Tukaruka kwenye pikapu yetu, duka nikaliacha wazi, gauni la watu mezani.

Kutoka kwetu hadi pale mteremko unapoanza ni kilomita sitini. Pikapu ilikuwa inatetemeka kwa mwendo ambao haijawahi kuuona, na mimi natazama kila mtaro, kila kalavati, naogopa kuona kijani. Kila kichaka kilikuwa cha kijani. Moyo ulikufa na kufufuka mara hamsini.

“Mkono wangu unakumbuka kulia,” mume wangu akasema. “Nautuma ukumbuke kushoto, haukumbuki. Nati zote mbili ni sawa, kukaza ni kule kule, labda nilikaza. Labda nakumbuka gari la jana.”

“Ni mimi niliyekukatiza.”

“Mwenye spana ni mimi.”

“Na mwenye mdomo ni mimi,” nikasema, na nikalia. Sikulia kwa staha. Nililia na kamasi.

Kabla ya mteremko kuna kituo cha mafuta, cha mwisho upande huu. Tulipokikaribia nikaliona lile gari la kijani. Lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye kivuli, linasogea taratibu kuelekea barabarani, taa ya kukatia kona inawaka. Mume wangu akaiingiza pikapu kwenye njia ya kutokea na kuizima hapo hapo, imeziba yote. Mama Mkasi akafunga breki, akatoa kichwa.

“Ninyi! Mnataka kuniua?”

Mimi nikafungua mlango nikakimbia.

“Shikamoo, Mama. Zima gari. Tafadhali zima gari.”

“Marahaba. Kuna nini? Nani anaumwa?”

“Zima kwanza.”

Akazima. Sijawahi kusikia kimya kitamu namna ile. Tukalisukuma gari likarudi kwenye sakafu ya zege ya kituo. Mume wangu akalala chali na shati lake safi, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu la kushoto. Mimi nilichuchumaa karibu yake nikaona kila kitu. Hakutumia spana. Aliishika nati kwa vidole viwili, na nati ikazunguka.

Akabaki amelala pale, anaangalia tumbo la gari. Alipotoka alisimama mbele ya Mama Mkasi, mikono imening'inia.

“Mama, sikuikaza. Nilikukabidhi gari bovu. Ungekwenda na maji kwenye kona zile.”

“Mimi ndiye niliyemgombeza akaacha kazi katikati,” nikadakia.

Mama Mkasi alitutazama mmoja mmoja. Nilisubiri atufokee, na tulistahili.

“Kumbe sikuota,” akasema polepole. “Nilipoondoka usukani ulikuwa katikati. Hapa karibuni ukaanza kutazama kushoto, kidogo tu. Nimekaa humo ndani na chai zaidi ya nusu saa najiuliza. Mwisho nikajiambia ni uzee wangu, Milimita hakosei. Nikalipa nikatoka.”

Maneno hayo yalimkata mume wangu maini kuliko tusi lolote. Aligeuka akaenda kwenye pikapu, akarudi na sanduku la spana na kibunda cha uzi.

Fimbo ilikuwa imeshajizungusha, kwa hiyo kukaza tu hakukutosha. Ilibidi kupima upya. Stendi zilibaki karakana. Kituo kikatupa kreti nne za soda, tukazifunga nyuzi humo. Usukani tuliubana usicheze kwa mkanda wa gauni langu. Safari hii Mama Mkasi mwenyewe alikaa kwenye kiti chake, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukadiria mtu kwa macho. Mume wangu anapima na kunitajia, mimi narudia kama ninavyorudia vipimo vya wateja wangu: mbele, mia na kumi na mbili, nyuma, mia na kumi na moja. Zungusha. Sukuma. Pima tena. Wahudumu wa kituo walisimama kutuangalia, na mmoja akauliza kama tunashona gari. Nilicheka mpaka nikaogopa, maana kicheko kilikuwa hakitaki kukoma.

Kisha nikasikia spana, safari hii upande wa kushoto, imelia vizuri hadi mwisho. Mkono wa mume wangu ukatokea chini ya gari, kiganja juu, unasubiri. Nilifungua mkoba wangu, nikaweka chupa kwenye kile kiganja.

Mume wangu alikuwa bado chini ya gari Mama Mkasi alipoanza kuzungumza, macho yake yakiwa mbele, mikono kwenye usukani.

“Mkasi wangu sikuusahau, wanangu.”

Nikadhani sikusikia. “Mkasi gani, Mama?”

“Ule wa siku ile. Ulikuwa mfukoni mwangu tangu naondoka kwenu. Nilifika nyumbani, nikaanza kuosha vyombo vyangu vya kazi, nikakumbuka nimekata kitovu cha mtoto. Nilikumbuka fundo la kwanza la uzi niliokifungia. La pili nilijilazimisha kulikumbuka, halikuja. Maana pale pale, binti, wewe ulikuwa unanitukana.”

“Mimi?”

“Matusi ya nguoni. Uliniambia ukiweza kusimama utanipiga. Mimi nikacheka, nikageuka kukujibu, na mikono ikaendelea na kazi nyingine.”

Mume wangu akajivuta taratibu kutoka chini ya gari. Alikaa sakafuni, brashi ya rangi mkononi.

“Ukarudi,” akasema.

“Nikarudi nakimbia. Njiani nikatunga mkasi, kwa sababu niliona haya kumwambia mzazi mpya kwamba sijui kama nimemfunga mtoto wake.”

“Ukakuta umefunga?”

Mama Mkasi akamwangalia usoni.

“Kitambaa kilikuwa kimelowa damu, baba. Mtoto amelala zake, na damu inatoka. Fundo la kwanza lilikuwa limelegea, na la pili halikuwepo. Nikayafunga yote mawili, nikabadilisha kitambaa, nikakaa naye hadi nikaridhika. Nikatoka na mkasi, mkanicheka, na mimi nikacheka.”

Miaka ishirini na mmoja. Miaka ishirini na mmoja nimeigiza kuhema kwake mbele ya wageni. Nikainama nikamkumbatia pale pale kwenye kiti chake cha chini, nusu ya mwili wangu ndani ya gari na nusu nje, na kichwa chake kikanuka sabuni ile ile ya zamani.

“Hatutakuita tena jina lile,” nikasema.

“Niachieni. Nimeshalizoea.” Akanisukuma kidogo. “Haya, niondoleeni pikapu yenu, dada yangu anangoja. Na huo mkanda wako toa kwenye usukani.”

Aliendesha mwenyewe kuzunguka uwanja wa kituo mara mbili, mume wangu akitembea pembeni ya gari ameinama, anatazama gurudumu. Usukani ulikaa katikati. Mama Mkasi akapiga honi, akaingia barabarani kwa mwendo wake wa mayai. Tulisimama hadi alipokata kona ya kwanza, na ya pili, na baadaye tukaona kipande cha kijani chini kabisa kule ambako barabara inanyooka. Mume wangu akashusha pumzi ndefu, akakaa kwenye bampa ya pikapu.

Kisha akatoa simu, akampigia binti yetu, ambaye anafanya kazi kwenye duka la dawa katika mji mwingine. Akasema hujambo, akauliza hali ya hewa, akaishiwa.

“Baba, nani amefariki?” nikamsikia binti anauliza.

“Hakuna aliyefariki. Kila mtu ni mzima.” Akanipa simu, anafuta macho kwa mkono uliojaa grisi.

“Mama, vipi? Nina wateja hapa.”

“Najua. Swali moja tu. Kitovu chako kizima?”

“Mama!”

“Nijibu tu, mwanangu.”

Akacheka, halafu labda akaisikia sauti yangu ilivyokuwa.

“Kizima, Mama,” akasema.